Senta Bubu

Mpira ulikuwa unazunguka juu ya ringi, mara mbili, mara tatu, kama sarafu isiyojua ilalie upande gani. Nikaruka nikaupiga kofi, ukaenda kuangukia kwenye viti vya mashabiki. Pale kiwanja cha Mirongo, Mwanza, kofi kama lile lingenipatia soda. Refa akapuliza filimbi, akaonyesha vidole viwili: kikapu kimehesabiwa. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hazijapita dakika tatu, mpira mwingine ukaanza kuzunguka juu ya ringi. Kofi. Filimbi. Vidole viwili. Nimewazawadia wageni pointi 4 kwa mkono wangu na jasho halijanitoka.

Ilikuwa Novemba 2022, mechi yangu ya kwanza ya nyumbani katika chuo kimoja cha miaka miwili jimboni Kansas. Kosa lenyewe ni dogo kulieleza. Kwetu tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu: mtupo ukishagusa ringi, mpira ni wa yeyote, ukitaka utoe, ukitaka usukumie ndani. Vyuo vya Marekani vina sheria yao: mpira ukiwa juu ya ringi, hata ukicheza dansi pale sekunde tano, huugusi mpaka uamue wenyewe kuingia au kutoka. Yeyote ningemuuliza angenieleza kwa sentensi moja. Mazoezini niliwahi kuupiga kofi hivyohivyo, wenzangu wakapiga kelele, nikadhani wananishangilia.

Kocha akanitoa. Nilipopita mbele yake aliniuliza kitu harakaharaka, nikajibu, "Ndiyo, Kocha," nikaenda kukaa. Usiku, Msenegali niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akanieleza polepole nilichoulizwa. Kocha alikuwa amesema: "Umeamua kuchezea timu ile nyingine?"

Hiyo "ndiyo" ina historia. Nimelelewa katika nyumba ambayo mtoto mwema ni yule asiyesikika. Mkubwa akiongea unatazama chini. Ukitumwa unakwenda, kama hujaelewa unakwenda hivyohivyo, utaelewa hukohuko mbele. Na mimi nilikuwa na sababu ya ziada. Mtu mrefu haingii mahali bila kuonekana. Unapanda daladala, watu wote wanageuka, konda anakutania, unasafiri umekunja shingo kutoka Buhongwa mpaka mjini. Nilijifunza mapema kulipia urefu kwa ukimya. Majirani walimsifia mama: "Mwanao mrefu vile lakini mpole, hata humsikii." Mama alifurahi, nami nikafurahi, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja sifa hiyo ingenikalisha benchi.

Mama anauza viatu vya mtumba soko la Mlango Mmoja. Belo likifunguliwa, vile vikubwa kupita kiasi huwekwa pembeni kwa kuwa havina mteja. Utoto wangu wote niliviona vimerundikwa chini ya meza, namba 47, namba 48, kama mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu. Nilipofika kidato cha pili mteja akapatikana nyumbani kwake. Nilikuwa na miaka 16 na urefu wa mita 1.96, na jozi ya kwanza niliyochezea ilikuwa na namba 32 iliyoandikwa kwa wino mweusi ndani ya ulimi wa kiatu. Sijui ilikuwa namba ya nani. Mwalimu wa michezo aliniona navivaa kwendea shule, akaniambia viatu hivyo vina kazi yake, nije Mirongo jioni.

Tangu hapo jina langu likafa, nikawa Thabeet. Kila kijana mrefu Tanzania ameitwa Thabeet, hata anayecheza netiboli. Na watu wakishakuita hivyo hufuatisha na kicheko, eti jamaa alipata nafasi akaichezea. Mimi nilicheka nao. Siku hizi sicheki. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaushika mpira akiwa kijana mkubwa tayari, akacheza misimu mitatu chuo cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili katika usajili wote wa NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry wa saba. Msimu wake wa kwanza haujaisha, wakamteremsha kwa muda ligi ya chini kwenda Dakota Wizards. Watu wanaona alipoangukia. Mimi nimekaa benchi la chuo kidogo katikati ya mashamba ya ngano nikihesabu umri: mwenzio ana miaka kumi na mitano ya kuucheza mchezo huu, wewe una mitano, na mnaingia uwanjani kwa dakika zilezile. Kufika pale alipofika ni jambo ambalo bado halijanikaa akilini.

Nilikofika mimi ni karibu zaidi, na njia yake ilianza kwa kutapeliwa. Baada ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, alitokea mtu aliyejiita wakala. Suti safi, simu mbili. Alidai milioni 1.8 za "kufungua faili" la ufadhili. Mama akauza friji, akakopa kwenye kikoba, akalipa. Miezi minne simu zote mbili hazikupatikana. Nilikuwepo siku mama anamhesabia zile noti, na nilikuwa na swali moja kichwani, dogo tu: chuo chenyewe kinaitwaje? Sikuuliza. Angenionaje? Nasema haya kwa ajili ya mzazi ambaye leo ana mtu wa namna hiyo sebuleni: kocha anayekutaka kweli hakudai wewe hela ya ufadhili, yeye ndiye anayetoa.

Aliyenisaidia alikuwa kocha kijana wa Dar es Salaam ambaye hakuwa na hata simu moja ya maana. Alinirekodi siku mbili pale JMK Park, Kidongo Chekundu, akatuma video kwa vyuo zaidi ya thelathini. Vitatu vikajibu. Kimoja kikanipa ada, bweni, chakula na vitabu, nauli nijitegemee. Tuliendesha michango ya ukoo kama ya harusi, na kadi tulichapisha. Dola 350 za kusajiliwa kama mwanafunzi wa kigeni, dola 160 za viza, ambazo nilizilipa mara mbili kwa sababu mahojiano ya kwanza nilinong'ona. Yule mama wa dirishani aliniuliza mara tatu ninakwenda kusoma nini. Mara ya tatu nilimjibu nikiiangalia meza yake.

Kwa wasiojua, chuo cha miaka miwili ndiyo mlango wa nyuma wa mpira wa kikapu wa Marekani, na wengi wetu kutoka Afrika tunapitia hapo. Unacheza misimu miwili, unapata stashahada, Kiingereza kinanyooka, halafu vyuo vikubwa vya miaka minne vinakuja kuchagua kama watu wanavyochagua kwenye belo. Ligi ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Fainali zao za taifa zimekuwa zikichezwa Hutchinson, Kansas, tangu mwaka 1949, na kule mji mzima unazijua kama Mwanza inavyojua msimu wa sangara. Tena uko kwenye jimbo la watu wanaoupenda mchezo: dukani mzee akiniona tu ananiuliza kama namjua Joel Embiid. Yule Mkameruni alicheza mechi 28 tu Chuo Kikuu cha Kansas msimu wa 2013–14, lakini wazee wale wanamwongelea kama mjukuu wao. Nilikuwa najibu, "Ndiyo." Ndiyo zangu zilikuwa nyingi.

Mji wetu ulikuwa na maghala ya nafaka marefu kuliko kanisa, na upepo. Nilikuja mwezi wa nane kwenye joto la kuunguza, kufika Desemba tumbaku ya bibi ingeganda mfukoni. Jumatatu yangu ya kwanza, saa 6 kamili mchana, king'ora kikalia mji mzima. Nikakimbia nikajifungia chooni, chumba pekee ambacho hakikuwa na dirisha, maana nilishaona kwenye filamu kimbunga kinavyobeba ng'ombe. Nilikaa humo nusu saa. Kumbe wanakijaribu kila Jumatatu. Watu walikuwa wanakula.

Ugali niliupika kwa unga wa njano, ndio uliokuwepo dukani, kwenye jiko la umeme la bweni ambalo kwa kweli haliruhusiwi. Nikampigia mama simu ya video. Akacheka mpaka akakohoa. "Baba, unakula yanga!" Alikumbuka unga wa njano wa msaada wa enzi za njaa, alipokuwa msichana, waliupa jina la timu kwa rangi yake. "Ule tuliambiwa umetoka Marekani," akasema, "na wewe umeufuata hukohuko." Msenegali akaonja, akaweka kijiko chini kwa adabu, akasema kesho atapika yeye.

Basi, mdomo.

Wiki ya kwanza Kocha alipenda urefu wangu, mita 2.06 wakati huo, na mikono. Wiki ya tatu akaanza kulalamika jambo moja, kila siku, kwa maneno yaleyale: huongei. Nilidhani anataka urafiki. Nikaanza kuwasalimia watu zaidi.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa senta, mchezaji wa chini ya kikapu, kuongea ni kazi kama kuruka. Fikiria unavyosimama. Wenzako wanne wako mbele yako, kila mmoja macho yake kwa mtu wake. Wewe uko chini ya kikapu, unawaona wengine wote tisa. Mchezeshaji wa wapinzani anadunda mpira. Mchezeshaji wetu amemkabili, kifua kwa kifua, hana jicho kisogoni. Nyuma yake linakuja jitu la kilo 110, linasimama mgongoni kwake kama nguzo ya umeme. Wenyewe wanaiita skrini. Mchezeshaji wetu akiambiwa nusu sekunde kabla, anapenya. Asipoambiwa, anagonga nguzo, mwenye mpira anapita, na sasa wako wawili dhidi yangu. Anayeweza kumwambia ni mmoja tu duniani.

Wetu alikuwa kijana wa Chicago, mfupi, mgumu kama mpingo. Siku moja ya Oktoba aligonga skrini kwa kifua kizima, pumzi ikamtoka, akalala chali anatazama taa. Alipoinuka akanifuata mpaka akasimama chini ya kidevu changu. "Ulimwona."

Kweli nilimwona. Nilimwona yule mtu tangu anatoka pembeni ya uwanja, hatua nne nzima. Kichwani neno lilikuja kwa Kiswahili, likatafuta Kiingereza chake, likafikiria kama ni upande wa kushoto wangu au wake, likajiuliza kama si utovu wa adabu kumpigia mtu kelele, na lilipofika mdomoni kijana alikuwa chini. Nikamwambia samahani. Akasema hataki samahani.

Mwezi huohuo mguu ulianza. Mfupa wa mbele wa goti kushuka, wa kulia, sehemu moja yenye upana wa sarafu. Mwanzo uliuma baada ya mazoezi, kisha wakati wa mazoezi, kisha nikiwa nimelala. Nilikuwa nimetoka kwenye mazoezi mara tatu kwa wiki juu ya zege nikaingia siku sita kwa wiki juu ya mbao, pamoja na vyuma na ngazi. Kila asubuhi mhudumu wa tiba wa timu alituuliza mmoja mmoja tunajisikiaje. Mnajua nilijibu nini. Nilichoogopa hasa ni kurudishwa nyumbani, na zile kadi za michango tulizochapisha. Nilijifunza kukanyaga upande wa nje wa kisigino. Nilikuwa najifunga bandeji chooni, ndani ya chumba kilekile cha king'ora.

Desemba, katikati ya mechi ya ugenini, niliruka kufuata ribaundi, mpira uliokosa kikapu, nikatua, nikasikia kitu kama kijiti kikavu. Picha zikaonyesha ufa uliokuwepo wiki nyingi. Daktari alisema ningewahi mapema ingekuwa mapumziko ya wiki tatu. Sasa ni nane, na buti la plastiki mpaka gotini. Kocha hakufoka. Aliniuliza tu ni nani mwingine timuni anajua kwamba naumwa. Nikasema hakuna. Msenegali alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anajua, ila na yeye amelelewa kama mimi.

Wiki zile nane ndizo zilizonifanya mchezaji, na sikugusa mpira.

Tulikuwa na kocha msaidizi wa kujitolea, mwalimu mstaafu wa historia, mzee mwenye kofia isiyovuliwa. Alinikalisha kiti cha pembeni yake mazoezini na kwenye mechi, akanipa kazi moja: tangaza kila unachokiona. Skrini inatoka wapi, nani kaachwa, nani anakata kwenda kikapuni. Kwa sauti ya kufika upande wa pili. Siku ya kwanza nilitangaza kama mtu anayeungama dhambi. Mzee akajifanya kiziwi. "Siwezi kukusikia, na mimi ndiye niliye karibu."

Nikamweleza, kwa mara ya kwanza nikaeleza kitu, kwamba maneno yanachelewa, kwamba nikiwa na haraka Kiingereza kinakimbia. Akafikiri kidogo. "Kwani nani kakwambia iwe Kiingereza? Piga hata kwa Kichina. Wao ndio wajifunze."

Nikaanza. "Kushoto! Kulia! Badili! Nipo!" Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: linamwambia mwenzako akaze kwa mtu wake bila woga, akipitwa nyuma yake kuna mtu. Vijana walicheka siku mbili, ya tatu wakawa wanageuka. Tatizo likawa jipya: kwenye kelele, "kushoto" na "kulia" kwa sikio lao ni kitu kimoja, zote zinaanza na "ku", na Mmarekani akishasikia herufi za mwanzo ameshaamua. Kijana wa Chicago akagonga nguzo nyingine. Tukakaa chini mimi na yeye, tukakata. Ikawa "shoto" na "lia". Mwezi Februari niliporudi uwanjani, ukumbi wa watu mia sita katikati ya Kansas ulikuwa ukisikia jitu jeusi likipiga mayowe, "Lia! Lia! Nipo! Lia!" na vijana wa Kimarekani wakitii.

Sitaki kudanganya kwamba nilibadilika kuwa mtu mwingine. Mdomo ulianzia uwanjani ukachelewa sana kufika kwingine. Darasani niliendelea kukaa nyuma, ambako mwenye mita 2.06 ndiko anakotakiwa hata hivyo. Lakini kile kitu cha kupaza sauti mara mia kwa siku, ukakosea mara kumi na hakuna anayekudharau, kinalegeza koo. Aprili niliuliza swali darasa la uhasibu. Mei nikaenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni nikauliza kuhusu kazi, nikaambiwa viza yangu inaniruhusu saa 20 kwa wiki humohumo chuoni, nikapewa kufua taulo na jezi za timu zote. Mwaka mzima nilikuwa nakopa pesa ya vocha na kazi ilikuwa ghorofa ya chini yangu. Wenzangu Wamarekani tangu Julai 2021 wanaweza kulipwa kwa jina na sura zao, mmoja alikuwa anatangaza duka la matairi. Sisi wenye viza ya mwanafunzi hilo ni shimo la kisheria, usiingie bila kuuliza. Nimeuliza. Nafua taulo.

Hakeem Olajuwon, aliyekuwa kipa wa mpira wa mikono Lagos, alikalishwa nje msimu wake wote wa kwanza pale Houston. Mwaka 1984 akachaguliwa wa kwanza kuingia NBA, mbele ya Michael Jordan. Msenegali alikuwa akinikumbusha hilo kila nikiwa na huzuni, mpaka nikamwomba aache. Olajuwon ni mmoja. Ila jambo la kukaa nje ukaona, hilo namwamini.

Msimu wa pili ukawa wangu. Ribaundi zilipanda, faulo zikashuka, maana ukiwaonya wenzako mapema huna haja ya kurukia watu mwishoni. Kisha ikaja mechi ya Januari 2024, ambayo nitaisimulia mpaka uzeeni.

Wageni walikuwa na mchezaji mmoja mwepesi, namba 3, mweusi kama sisi, jina la Kifaransa mgongoni. Robo saa ya kwanza nilimwona anafanya mambo ya ajabu. Nikipiga "Shoto!" mwenzake anakuja kushoto kuweka skrini, na huyu kijana, kabla mchezeshaji wangu hajapenya, ameshageukia kulia, kweupe, anafunga. Mara nne. Nikadhani ni bahati, nikadhani ni akili nyingi. Mara ya tano alipokuwa anarudi nyuma akapita ubavuni kwangu, bila kunitazama, akasema kwa lafudhi ya ng'ambo ya Tanganyika:

"Ndugu, mbona unawaambia wazungu walie?"

Nilisimama. Mpira ukaendelea, watu wakanipita, Kocha anaita jina langu, mimi nimesimama natabasamu kama mjinga. Karibu miezi kumi na minane sikuwa nimesikia Kiswahili kikitoka kwenye kinywa kilicho mbele yangu, bila simu.

"We umetoka wapi?" nikamuuliza, tunagombea nafasi chini ya kikapu, kiwiko chake kiko mbavuni mwangu.

"Nyarugusu."

Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Alizaliwa humo. Familia ikapata uhamisho kwenda Marekani yeye akiwa darasa la sita. Kwa hiyo huyu Mkongo alikuwa amezaliwa Tanzania kama mimi, umbali wa siku moja ya basi kutoka kwetu, na alikuwa ameikaa nusu nzima ya mechi akisikiliza siri zetu kama taarifa ya habari.

Mapumziko nikawaambia wenzangu, na hapo ndipo nilipojiona nimebadilika, kwa sababu nilisema kabla ya Kocha hajafungua mdomo. Nikaeleza, nikachora ubaoni. Tugeuze: lia iwe kushoto, shoto iwe kulia. Kocha akaniangalia, akamwangalia mzee mwenye kofia, akaniachia kalamu.

Ikafanya kazi dakika sita. Namba 3 akageukia ukutani mara mbili, mara ya pili akanipigia saluti. Dakika ya saba kijana wa Chicago, amechoka, akasahau tulichogeuza. Nikapiga "Lia!" akaenda kulia kwa mazoea ya mwaka mzima, akaikuta nguzo. Alilala chali anatazama taa zilezile. Tulifungwa kwa pointi 4.

Baada ya mechi namba 3 alinisubiri kwenye korido, ameshavaa koti. Tukapeana mikono, akaniamkia kwa utani, "Shikamoo, bubu," kwa sababu alikuwa ameniona msimu uliopita kwenye video za makocha wao. Waliniandika hivyo, senta asiyeongea, mshambulieni kwa skrini. Alikuwa na chapati mbili za mama yake kwenye foili ndani ya begi. Akanipa moja na nusu. Basi lao likapiga honi.

Machi kocha wa chuo cha miaka minne akapiga simu. Aliniambia ameangalia mechi zangu akiwa ameongeza sauti, na akaniuliza lile neno ninalolipiga sana maana yake nini. Nikamwambia kwa Kiswahili sanifu ni kulia, upande wa kulia, lakini tulivyolikata ni kulia machozi. Akanyamaza muda. Kisha akauliza kama niko tayari kuwafundisha wengine. Kabla sijajibu nikamuuliza maswali saba niliyoyaandika kwenye karatasi: ufadhili ni wa mwaka au miaka yote miwili, nikiumia inakuwaje, masomo yangu yanahamia mangapi, nani anacheza nafasi yangu. Mawili hakuyapenda. Alijibu yote.

Nilimpigia mama usiku huohuo, saa 4 kwangu, kwake saa 12 asubuhi, anajiandaa kwenda sokoni. Nikamweleza kila kitu, kwa kirefu. Akasikiliza. "Siku hizi unasema wewe," akasema, na sikujua kama ananisifu. Kisha akaingia kwenye lake. Belo la juzi limetoa jozi moja namba 49, nyeupe, soli bado ngumu, kama mpya. Anavitunza au afanyeje?

Nikamwambia kuna dogo pale Mirongo, yule mrefu wa Igoma, anachezea ndala. Ampe.

"Nimpe?" mama akasema. "Ni elfu arobaini na tano, baba. Mwambie aje tuongee."